Matondoni hadi Mombasa kwa upepo wa kaskazi: jahazi, jua na mwezi

Tarehe zilizo hapa ni za mwezi mwandamo, kwa kuwa maji hufuata mwezi na chombo hufuata maji. Kwa kalenda ya ukutani ni Februari, kiangazi cha Lamu. Mvua hakuna, joto la mchana ni digrii 31 hadi 33, na kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, iliyoshika tangu Desemba imefika kwenye nguvu zake. Chombo ni jahazi la mita 12, mlingoti mmoja, matanga mawili (kubwa na dogo), nahodha na mabaharia wanne. Shehena ni nazi na makuti. Mashine ya dizeli imo, ila ni ya shwari na ya kuingilia bandarini tu.

Wengi huogopa kusi, upepo wa kusini, na wana haki. Juni na Julai bahari ya nje ya Shela haiingiliki kwa chombo kidogo. Lakini anayelipa gharama za mbao, kalafati (pamba ya kuziba mishono ya mbao) na matanga hujua kwamba msimu unaokula chombo ni kiangazi. Kusi huonekana ikija, na mwenye chombo hupandisha chombo chake pwani akangoja. Jua la kaskazi hufungua mbao kidogo kidogo wakati chombo kiko kazini na upepo ni mzuri, na habari hufika siku ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo) imejaa maji.

Mwezi 12, Matondoni (Lamu)

Chombo kinapwelezwa, yaani kinapandishwa mchangani, leo alasiri, maji yakiwa yamejaa. Siku hii haikuchaguliwa ovyo. Maji ya bamvua (yanayojaa na kupwa zaidi) huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo kuanzia mwezi 12 kila maji kujaa hupita yale ya jana. Chombo kilichopandishwa leo kitaelea kesho na keshokutwa bila taabu. Anayepandisha mwezi 17 au 18, maji yakiwa yanarudi nyuma kuelekea maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo), anaweza kukaa mchangani hadi bamvua ya mwezi mchanga, karibu wiki mbili, juani. Mbao zikishafunguka kiasi hicho, kalafati yote hutoka.

Jambo la pili ni saa. Pwani hii, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne. Maana yake ni kwamba tumbo la chombo liko wazi tangu saa moja asubuhi hadi karibu saa nane mchana. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hupwa alfajiri na jioni, na hata hivyo hayashuki vya kutosha. Ndiyo sababu kazi zote za chini ya maji hupangwa kwa mwezi.

Chombo kimelazwa ubavu wa kulia chini, gogo la mnazi likiwa kati ya mkuku (uti wa chini wa chombo) na mchanga ili fundi aweze kupitisha mkono.

Mwezi 13, moto na kalafati

Saa moja na nusu asubuhi, kabla ya upepo. Kuchoma chombo hufanywa mapema kwa sababu ifikapo saa nne kaskazi hupeleka ndimi za moto juu ya mstari wa maji, kwenye mbao kavu zilizopakwa sifa (mafuta ya papa), na hapo hakuna wa kuzima. Makuti makavu hufungwa mafungu kwenye mti wa mita mbili, hupitishwa kuanzia mkuku kwenda juu, ubao kwa ubao. Mwali hausimami mahali pamoja. Ubao ukianza kufoka mvuke na kutoa povu kwenye vitundu, umetosha, sogea. Magunia mabichi na ndoo za maji huwekwa mkononi, si kando.

Anayechomwa ni mdudu atoboaye mbao. Tundu lake kwa nje ni dogo kama kichwa cha sindano, ndani anaweza kuwa mnene kuliko kalamu na ubao ukabaki ganda. Maji ya kiangazi yana joto la digrii 28 hadi 30, naye huzaana na kukua haraka. Kipimo cha fundi ni nyundo: ubao mzima hulia kwa sauti kavu, ulioliwa hutoa sauti ya chini, nzito. Leo ubao mmoja wa pili kutoka mkukuni umelia vibaya kwa urefu wa nusu mita. Umekatwa, ukatiwa kiraka cha mbambakofi, mti mgumu. Misumari ni ya chuma iliyochovywa zinki, na kila mmoja umezungushiwa nyuzi za pamba zenye mafuta chini ya kichwa ili maji yasifuate njia ya msumari.

Kisha kalafati. Pamba husokotwa, huloweshwa mafuta ya nazi au sifa, hupigwa mshononi kwa patasi butu na nyundo ya mbao, ikaachwa chini kidogo ya uso wa ubao ili puti ya chokaa na mafuta ipate mahali pa kukaa. Hapa ndipo kiangazi huharibu kazi ya watu wasio na subira. Mbao ni kavu, mshono umepanuka, na mkono unataka kujaza pamba mpaka ukome. Usijaze. Ubao ukirudi majini utavimba, nao hauna pa kwenda: utasukuma mwenzake, misumari itang'oka kwenye mataruma (mbavu za chombo), na chombo kitavuja mahali palipokuwa pazima. Fundi mzuri wa Matondoni husikiliza nyundo. Sauti ikibadilika kuwa ngumu, anaacha, hata kama mshono unaonekana una nafasi.

Mwezi 14, ubavu wa pili na deheni

Chombo kimeelea usiku, kikageuzwa, kikalazwa ubavu wa kushoto. Kazi ni ileile. Ubavu huu hauna ubao mbovu.

Deheni hupikwa mchana. Shahamu huyeyushwa kwenye sufuria kwa moto mdogo, chokaa kilichochekechwa hutiwa kidogo kidogo huku mtu akikoroga, hadi mchanganyiko ushike mkononi bila kutiririka. Hupakwa kwa kiganja ingali vuguvugu, kutoka mkukuni hadi mstari wa maji wa chombo kilichopakia. Ikipoa huwa nyeupe na ngumu. Rangi za dukani za kuzuia makome zipo na hudumu zaidi, lakini zinataka ubao mkavu kabisa na pesa nyingi. Deheni huvumilia unyevu, na kwa maji ya kiangazi irudiwe kila bamvua ya pili au ya tatu. Juu ya mstari wa maji ni sifa peke yake, mipako miwili. Harufu yake ni kali na haiwapendezi wageni, ila hakuna mafuta yanayozuia jua kwenye mbao kama ya papa.

Mwezi 15, kushua

Chombo kimeshuliwa (kimeshushwa majini) na maji ya alfajiri, kikasogezwa hadi mbele ya Shela. Saa za kwanza kinavuja, na kinatakiwa kivuje. Ndoo za lita 10 zinahesabiwa: kuanzia asubuhi hadi adhuhuri ndoo 38, adhuhuri hadi magharibi 14, usiku mzima 9. Hesabu inayoshuka namna hii ni mbao zinazovimba. Isiposhuka kufikia usiku, kuna mshono uliosahauliwa, na shehena isipakiwe.

Baharia mmoja amepanda mlingotini kukagua jarari, kamba ya kupandishia tanga. Kamba za plastiki za bluu na kijani ndizo rahisi sokoni, na ndizo jua huzila kwanza: ukizipinda, vumbi jeupe hutoka na nyuzi hukatika kwa kucha. Sehemu ya kutazama ni ile inayolala ndani ya kapi (gurudumu la kamba mlingotini) tanga likiwa juu, kwa kuwa inabeba foromali (boriti inayoshika tanga) nzima saa zote bila kusogea. Jarari imesogezwa kwa kukata mita moja ya mwisho, ili pajapo mzigo pawe sehemu mpya ya kamba. Kapi limepakwa shahamu. Jarari ikikatika, foromali huangukia watu.

Mwezi 16, Shela hadi Kipini, maili 27

Nanga imeng'olewa saa 11:45 alfajiri, maji yakianza kupwa. Yanatoa chombo mlangoni kati ya Ras Kitau na mchanga wa Shela hata kabla upepo haujaamka. Kaskazi ya alfajiri ni noti 8 tu (maili 8 za bahari kwa saa), imeinama kidogo upande wa bara. Tanga kubwa limetwekwa (limepandishwa).

Njia ya Kipini ni magharibi-kusini-magharibi, upepo uko tezi (nyuma ya chombo) moja kwa moja. Watu wasio wa bahari hudhani huu ndio upepo wa raha. Kwa tanga la foromali ndio wa hatari zaidi: usukani ukiteleza kidogo, upepo hupita nyuma ya tanga, hulibana kwenye mlingoti, na mlingoti unaweza kuvunjika. Nahodha haelekezi omo (mbele ya chombo) Kipini. Anakwenda kidogo nje, upepo ukiwa pembeni mwa tezi, kisha anakisi tanga (analigeuza upande wa pili) na kurudi ndani. Maili zinaongezeka mbili au tatu, mlingoti unabaki.

Kukisi ni kazi ya watu watatu na nahodha. Demani (kamba ya pembe ya nyuma ya tanga) inalegezwa, mtu wa omo anavuta goshi (kamba ya pembe ya mbele) hadi foromali isimame wima sambamba na mlingoti, wa tatu anazungusha pembe ya tanga kwa mbele ya mlingoti, halafu foromali inaachiwa ilale upande wa pili na demani inakazwa. Ni kazi ya upepo usiozidi noti 12 hadi 15. Zaidi ya hapo tanga litulwe (literemshwe) kabisa, foromali igeuzwe sitahani, litwekwe tena.

Saa 4:30 upepo umefika noti 14 na unaongezeka. Tanga la foromali halina njia nzuri ya kupunguzwa upepo ukiwa juu, hubadilishwa. Tanga dogo limewekwa sasa, saa moja kabla ya kuhitajika, kwa kuwa kila siku ya kiangazi upepo wa joto la mchana hujiunga na kaskazi kati ya saa tano na saa kumi. Anayengoja ahitaji ndipo abadilishe, hubadilisha katikati ya mawimbi.

Kipini imefikiwa saa 6:30 mchana, maji yakiwa bado machache. Mdomo wa mto Tana una fungu la mchanga, na mawimbi yanavunjika juu yake. Nanga nje, kungoja. Saa 9:45 bildi (kamba yenye risasi ya kupimia kina) inasoma pima moja na nusu, karibu mita 2.7, kwa chombo kinachozama mita 1.4. Kimeingia.

Wapo wanaoamini kwamba kulala Kipini kwenye maji ya mto huua mdudu wa mbao. Usiku mmoja hauui. Mdudu huyo huziba tundu lake akingoja chumvi irudi, na anaweza kungoja siku nyingi. Isitoshe, Februari mto ni mdogo na maji ya bahari hupanda ndani.

Mwezi 17, Kipini hadi Ngomeni, maili 35

Kimetoka saa 12 asubuhi, maji yakiwa yamejaa, umande ukivuma kutoka bara noti 6. Ghuba la Ungwana halina kina, na rangi ya maji ni ya chai karibu hadi upeo wa macho. Upepo wa mchana ukipiga juu ya maji mafupi hivi, mawimbi huwa mafupi na ya wima, chombo hupiga omo na mishono mipya hutikisika kabla haijakaa. Kwa hiyo njia ni ya nje, pima saba au nane, hata kama ramani inaonyesha mkato.

Mkondo unasaidia. Msimu huu maji ya Somalia hushuka kusini hadi kukutana na mkondo wa pwani unaopanda kaskazini, na makutano huwa kati ya Lamu na Malindi. Leo chombo kimepata karibu noti moja ya bure hadi Ungwana, kisha imekwisha.

Majukwaa ya San Marco, ambayo Waitaliano walirushia setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988, yanaonekana mapema na ni alama nzuri ya Ngomeni. Nanga imetiwa ndani, karibu na mikoko, saa 7:50.

Alasiri ni ya tanga. Chumvi imeganda kwenye kitambaa, na usiku chumvi hiyo huvuta umande, tanga likabaki bichi hadi asubuhi. Likikunjwa hivyo, madoa meusi hutokea ndani ya siku chache. Limetandazwa juu ya makuti mchana wote, likageuzwa mara moja, likakung'utwa. Mahali linapogusa mlingoti pameanza kukonda: kiraka cha kitambaa mara mbili, sindano ya matanga, uzi uliopakwa nta. Wenye matanga ya kisasa ya nailoni wasijidanganye kwamba wamepona. Kitambaa hakiozi, lakini uzi wa mshono hufa kwa jua mapema kuliko kitambaa. Jaribu kwa ncha ya kisu: uzi ukikatika kwa kuguswa tu, shona upya mishono yote ya juu kabla ya kwenda popote.

Mwezi 18, Malindi, maili 14

Mwendo mfupi kwa ajili ya maji ya kunywa. Ghuba liko wazi kwa upepo wa mashariki na chombo kinayumba nangani mchana kutwa. Vasco da Gama aliondoka hapa Aprili 24, 1498, akiwa na rubani aliyejua kungoja kusi ndipo avuke kwenda Hindi. Kwa chombo cha pwani Februari hakuna cha kungoja Malindi. Mitungi imejazwa, watu wamelala mapema.

Mwezi 19, Malindi hadi Kilifi, maili 30

Kimeng'oa nanga saa tisa usiku. Mwezi 19 uko juu kabisa saa hiyo, na mwanga wake unatosha kuona mavunjiko ya mwamba upande wa kulia. Sababu ya kutoka usiku ni jua la Kilifi. Mlango wake ni pengo kwenye mwamba na huingiwa kwa kuelekea magharibi. Anayefika saa kumi jioni ana jua machoni, maji yote yanang'aa, na vichwa vya mwamba havionekani. Anayefika kabla ya saa sita ana jua mgongoni na huona rangi: buluu ya kilindi, kijani cha fungu, kahawia ya jiwe.

Kuanzia Malindi mkondo uko kinyume, nusu noti hadi noti moja. Chombo kimekatiza Watamu saa 12:20 na kuingia Kilifi saa 4:15. Ndoo za ngama kwa safari hii: 21. Hesabu imepanda.

Mwezi 20 na 21, Kilifi

Kaskazi imekufa. Alfajiri upepo ni wa magharibi, mwepesi, kisha shwari. Mawimbi marefu ya polepole yanatoka kusini na mawingu ya juu yametandazwa kama nyuzi. Ishara hizi zikija pamoja kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kuna kimbunga mbali huko Madagaska au mlango wa Msumbiji kinachovuta upepo kwake. Kenya iko karibu mno na ikweta kwa vimbunga kufika, na hata Tanzania ni nadra. Hidaya kilifika karibu na Mafia Mei 2024. Lakini upepo wa Kilifi hukatwa nao kwa siku mbili, tatu au zaidi. Taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya husomwa kwenye simu, na inasema kaskazi itarudi.

Siku hizi mbili ni za kutafuta maji yanakotoka. Ngama imekaushwa kabisa kwa sifongo, shehena ya nyuma imesogezwa, na mtu amekaa ndani na kurunzi. Chini ya mstari wa maji ni pakavu. Kazi ya Matondoni imesimama. Maji yanatoka juu, mbao mbili za mwisho za ubavu wa kushoto na ubao wa tezi, mahali panapoloa pale tu chombo kinapolala kwa upepo. Ncha ya kisu inaingia mshononi bila kusukumwa.

Sababu ni jinsi chombo kinavyolala nangani. Omo hutazama kaskazi, yaani kaskazini-mashariki. Jua la asubuhi hupiga omo na ubavu wa kulia, mbao zikiwa bado na umande. Jua la alasiri, ambalo ndilo kali, hupiga tezi na ubavu wa kushoto, mbao zikiwa zimekauka tangu saa tatu. Siku baada ya siku, ni upande uleule.

Hapa pamba haitakiwi, kwa sababu ileile ya mwezi 13: mshono huu si mbovu, una kiu. Magunia mabichi yametundikwa ubavuni na tezini tangu saa tano hadi jua kuzama, yakimwagiwa kila saa. Sitaha humwagiwa ndoo kumi asubuhi na kumi alasiri. Maji ni ya bahari siku zote. Maji matamu yakituama kwenye maungio huleta uozo, ya chumvi huuzuia. Turubai limefungwa juu ya tezi. Kufikia jioni ya mwezi 21 ncha ya kisu haingii tena.

Kungoja kupwa ili kumaliza kazi kwa nje haiwezekani: haya ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita moja.

Mwezi 22, Kilifi hadi Mombasa, maili 28

Kaskazi imerudi usiku, noti 10. Kimetoka saa tisa na nusu, nusu mwezi ikiwa mashariki. Upepo umeshika pembeni mwa tezi, upande wa kushoto, tanga kubwa njia nzima, hakuna kukisi. Nje ya Mtwapa saa 12:30. Mlango wa Mombasa saa 2:10, Fort Jesus kushoto, tanga limetulwa na mashine imewashwa hadi Bandari ya Kale. Ndoo za ngama: 6.

Kurudi Lamu si safari ya upepo huu. Mkondo hupanda kaskazini hadi Malindi hata sasa, kwa hiyo chombo kisicho na haraka kinaweza kupiga bisho (kwenda kinyume cha upepo kwa kupindapinda) usiku kwa umande wa bara, kujificha mchana, na kufika Malindi kwa siku nne au tano. Mbele ya hapo mkondo na upepo vyote ni kinyume. Wenye busara hupakia mizigo mifupi kati ya Mombasa na Kilifi wakingoja maleleji ya mwisho wa Machi, upepo ukiwa haujaamua.

Kwa wakati huo magunia yaendelee kuloweshwa, na turubai lisitolewe tezini. Kupweleza kwingine ni mwezi 27, maji yakipanda kuelekea bamvua ya mwezi mchanga: kiraka cha mbambakofi kigongwe nyundo, misumari yake itazamwe kama imetoa kutu, puti iliyopasuka ijazwe, na sifa irudiwe ubavu wa kushoto mara mbili, wa kulia mara moja.